Ng'ombe wa Faksi

"Nyamazeni nyinyi! Si huyo ni mkwe wa Disii anaongea?"

Benta alizungusha kitufe cha redio kwa kidole chenye unga wa mandazi, na kibanda kizima cha chai pale njia panda ya Rangwe kikanyamaza. Muujiza, maana wale watu walikuwa hawajanyamaza tangu mvua ya El Nino ianze. Ndani ya redio, katikati ya mikwaruzo, sauti ya kijana aliyesoma mpaka vitabu vikamchoka ilikuwa ikiwaeleza Wakenya kwa nini sukari imeadimika na kwa nini mafuta ya taa hayafiki. Mtangazaji alimwita Daktari Maroa, mtaalamu wa ugavi kutoka chuo kikuu, na kusema kipindi kilirekodiwa wiki iliyotangulia.

"Barabara ikikatika," alisema Daktari, "mnyororo wa ugavi unakatika mara mbili. Mzigo unakwama, na habari za mzigo nazo zinakwama. Huyu anasubiri, yule anasubiri, na hakuna anayejua mwenzake ana nini. Lakini teknolojia inakuja. Faksi tayari tunazo, kompyuta zinaanza kuongea, na simu za kutembea nazo zitafika hata vijijini. Wakati huo tutaacha mzigo ulipo na kusafirisha habari. Huenda unachokitafuta mbali kiko kwa jirani yako..."

Betri ikaishia hapo. Benta aliipiga redio makofi mawili, ikakoroma na kufa.

Wote wakamgeukia Nicodemus.

Nicodemus alikuwa amekaa kwenye benchi, uso barabarani, ndani ya suti yake ya kaki iliyomfanya aitwe Disii, yaani mkuu wa wilaya, ingawa hakuwahi kutawala chochote zaidi ya cherehani. Alikuwa ameipiga pasi kwa mikono yake mwenyewe. Leo ndiyo ilikuwa siku. Wakwe, Wakuria kutoka upande wa Migori, walikuwa wanaleta ng'ombe wa binti yake Metrine, na mtu wa kuoa ndiye huyo huyo aliyekuwa ndani ya redio. Nyumbani kwake, pale pale nyuma ya kibanda, hema lilikuwa limesimama na wali ulikuwa unanukia mpaka barabarani. Kilichobaki ni ng'ombe tu. Lakini ng'ombe ndio mahari yenyewe, na Mto Kuja ulikuwa umefurika.

"Disii, pole," alianza Ken. Huyu alinunua samaki wa mbuta kule Sindo, na kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa kutafuta barafu, jina la Ken lilikuwa limesahaulika. Aliitwa Barafu. "Umesikia mkwe wako? Mzigo uachwe ulipo. Hiyo ni lugha ya kisomi. Maana yake hakuna ng'ombe."

"Hujaelewa," alisema Nicodemus. "Amesema wanasafirisha habari."

"Basi utaoza binti kwa habari? Utakamua habari?"

"Atatumiwa kwa faksi," alidakia Mogire, Mkisii muuza ndizi waliyemwita Mkungu. Kibanda kile cha Wajaluo kilizungumza Kiswahili kwa sababu yake, na kwa sababu ugomvi wa Kiswahili hauwi na hasira sana. "Wanaingiza ng'ombe kwa mashine kule Migori, anatokea Homa Bay."

"Anaingizwa na kichwa ama na mkia?"

"Kichwa. Ukianza na mkia, faksi ikikatika katikati unabaki na makalio."

"Na pembe zikikwama?"

"Unapiga mashine teke kidogo."

"Na ukitaka ndama?"

"Fotokopi ndogo!"

Benta alicheka mpaka akaweka birika chini. Barafu alipiga goti, akamwaga chai yake, akalaumu serikali. Nicodemus naye alitabasamu, maana mtu ukiwa baba wa bibi harusi unatabasamu hata ukitukanwa. Lakini moyoni hakuwa na raha hata kidogo.

"Chekeni tu," alisema. "Huyo kijana anajua anachosema. Wewe Barafu, ungekuwa na habari mapema, mbuta wako wangeoza?"

"Habari gani tena? Walikaa ndani ya lori pale matope, barafu ikayeyuka, harufu ikafika Homa Bay kabla ya lori. Hiyo haikuwa habari? Mji mzima ulijua."

"Na mimi ndizi," alisema Mkungu. "Nilipakia zikiwa kijani. Zilivyofika, mteja akaniuliza kama nimebadilisha biashara siku hizi nauza uji."

"Sasa mtaalamu anasema," Nicodemus aliinua kidole kama hakimu, "ungejua kuna mtu huko njiani anataka ndizi, ungemuuzia pale pale. Hiyo ndiyo maana."

"Omera, kila mtu njiani alikuwa anataka ndizi. Walichokuwa hawana ni pesa. Faksi inatuma pesa?"

"Siku moja itatuma."

"Wacha! Pesa ipite kwa simu? Disii, uchumba wa binti umekupanda kichwani."

Kwenye kona, mtu mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Japheth, dalali wa ng'ombe, aliyeitwa Miguu kwa sababu alikuwa hakosi mnada wowote kuanzia Karungu hadi Rangwe. Kwa kawaida Miguu alisema peke yake kuliko wote wakijumlishwa. Leo alikuwa ameinamia kikombe chake cha chai, na kila Nicodemus alipomtazama aliangalia pembeni.

"Miguu, kwani umeng'oa jino?" aliuliza Benta.

"Nasikiliza."

"Wewe? Unasikiliza? Nyasaye wangu, dunia inaisha."

Kabla Miguu hajajibu, Barafu aliruka juu ya benchi.

"Wamekuja! Jowa, wamekuja! Na ng'ombe!"

Nicodemus alisimama haraka mpaka kofia ikaanguka. Ni kweli. Kwenye tope la barabara walikuwa wanakuja wanaume wachache wenye viatu vya gambuti, mmoja mrefu na mzee mwenye fimbo, mmoja kijana mwenye miwani na mwavuli, na mbele yao ng'ombe watatu walionenepa. Furaha ilimpanda Nicodemus kifuani, akataka kulia hadharani. Binti yake ataolewa! Majirani waone! Benta alipiga kigelegele, Mkungu akapiga makofi, na Barafu, aliyekuwa ameapa kwamba hakuna ng'ombe, akaanza kueleza jinsi alivyojua tangu mwanzo.

"Nilisema mimi! Mkuria akisema ng'ombe, ni ng'ombe!"

"Ulisema Disii atakamua habari."

"Ilikuwa utani."

Kwa desturi ya pale, wageni wa mahari hawaingii boma mpaka waitwe, kwa hiyo msafara ulisimama mbele ya kibanda kusubiri. Yule mzee mwenye fimbo alijitambulisha kwa sauti nzito: Mniko, baba mkubwa wa kijana. Alisema mto ulikuwa umelala juu ya daraja, ng'ombe wao wa nyumbani wamebaki ng'ambo na vijana wanawachunga, na watu wenyewe wamevuka mmoja mmoja juu ya mbao wakishikilia kamba.

"Kwa hivyo hawa..." alianza Nicodemus.

"Hawa amewapata huyu msomi," alisema Mniko, akimwonyesha Daktari Maroa kwa fimbo, nusu kwa fahari na nusu kwa mashaka. "Alituma karatasi kwa mashine hadi Homa Bay, kwa rafiki yake mwenye ofisi ya kupiga chapa. Rafiki akatafuta ng'ombe huku huku. Mimi sikuamini. Nimefika nimewakuta wamefungwa, wanatungoja. Ati ng'ombe wa faksi!"

Kijiwe kiliguna chote kwa pamoja. Barafu alimtazama Mkungu, Mkungu akamtazama Barafu.

"Waliingizwa na kichwa," alinong'ona Barafu.

Daktari Maroa alimsalimia Nicodemus kwa mikono miwili, akainama. "Baba, shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilisema redioni habari zitasafiri badala ya mzigo, nikaona aibu kama mimi mwenyewe sitajaribu."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Umefanya kazi ya..."

Hakumaliza. Mmoja wa ng'ombe, mweupe, pembe moja imelala kama mkono uliovunjika, alikuwa amejitenga na wenzake. Hakuvutwa na mtu. Alipita katikati ya wakwe, akazunguka benchi, akaenda moja kwa moja nyuma ya kibanda hadi kwenye rundo la maganda ya ndizi za Mkungu, akaanza kula bila wasiwasi wowote.

Mkungu alimfukuza bila hata kutazama. "Toka hapa, Rachar! Kila siku maganda yangu!" Polepole akageuza shingo.

Barafu alitoa macho. "Disii. Hii si Rachar?"

"Ng'ombe weupe ni wengi," alisema Nicodemus.

"Wa pembe hivi?"

"Pembe zinalala. Ni baridi."

"Na yule mwekundu mwenye sikio limechanika? Si ndiye aliyekula shati langu kwenye kamba?"

Nicodemus alimshika Miguu kiwiko na kumburuta nyuma ya kibanda, kwenye moshi wa jiko, ambapo alidhani hakuna masikio.

"Wewe! Umenifanya nini?"

"Mimi? Wewe ndiye uliniita kwa siri ukasema nitoe ng'ombe haraka!"

"Nilikwambia uwapeleke mbali!"

"Homa Bay si mbali? Nilimuuzia mtu mmoja wa ofisi. Alikuwa na karatasi ya faksi, anataka watatu wazuri, haraka, hajali bei. Ningeuliza ni wa harusi ya nani? Dalali akianza kuuliza anakufa njaa!"

"Na asubuhi yote umekaa hapo unajua!"

"Nimejua sasa hivi redio ilipotaja faksi. Nilikuwa naomba Mungu faksi ziwe mbili."

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi, na Nicodemus alikuwa hajamwambia mtu. Alikuwa na hakika wakwe wataleta ng'ombe. Boma lake lilikuwa dogo, majani yote yamezama kwenye maji, na hema, mchele na soda havinunuliwi kwa heshima. Akapiga hesabu za mtu mwerevu: watoke wa zamani, waingie wapya. Akawauza watatu wake kwa Miguu. Mkewe Phelesia, ambaye aliwapenda wale ng'ombe kuliko alivyopenda suti ya kaki, aliambiwa wamepelekwa Asumbi kwa shemeji Zablon, kwenye malisho yasiyo na maji.

Na sasa? Akikiri, mzee Mniko atasikia kwamba mahari ya kijana wao ni mali ya boma lile lile, na hakuna mzee atakayekubali kuoa kwa ng'ombe wa baba mkwe. Atageuka na fimbo yake, na Metrine, aliyekaa ndani akisukwa nywele, ataachwa na nywele zake. Akinyamaza, Phelesia atawaona. Phelesia aliwajua wale ng'ombe hata kwa kikohozi.

"Nimekwisha," alisema Nicodemus. "Miguu, nimekwisha kabisa."

"Kimbia Tanzania. Mpaka si mbali."

"Baba," sauti ilisema.

Daktari Maroa alikuwa amesimama pale pale, kiatu kimoja mkononi, anakikwangua tope kwa kijiti. Alikuwa amesikia yote. Miguu alikumbuka ghafla kwamba ana mnada, akayeyuka ndani ya moshi.

Nicodemus alilegeza kola. Suti yote ilimbana. "Mwanangu, sikujua. Nakuapia. Nilitaka tu ule vizuri ukija."

Daktari alivaa kiatu. Kwa muda alikuwa na uso wa mtu anayesahihisha mtihani, halafu kitu kikamtoka puani, akageuka kukificha. Alikuwa anacheka.

"Baba, mimi huwafundisha wanafunzi kwamba mnyororo mfupi ndio bora. Sijawahi kuona mfupi hivi. Umeanzia kwako ukaishia kwako."

"Usinicheke, mwanangu. Baba yako mkubwa ataniua."

"Sikucheki wewe. Najicheka mimi. Niliandika kwenye faksi ng'ombe watatu, wazuri, karibu na Rangwe. Mashine ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Ilitafuta wazuri walio karibu. Mimi sikuandika wasiwe wa mkwe wangu. Mashine itakuonyesha ng'ombe aliko. Haikwambii ni wa nani, na kwa nini mwenyewe anauza. Hilo nitalisema nikirudi redioni, bila kutaja jina."

"Pesa nitarudisha. Nikiuza cherehani..."

"Pesa si umenunua wali? Mimi ndiye nitakayeula. Tutaita gharama ya utafiti."

Nicodemus alimshika mkono, akashindwa kuuachia. Alimpenda yule kijana palepale, miwani na yote. Alikuwa bado ameushikilia wakati sauti ya mwanamke ilipasua hewa upande wa barabara.

"Rachar! Uwi! Rachar wangu!"

Phelesia alikuwa ametoka langoni, mwiko wa wali bado mkononi. Daktari Maroa, ambaye kwa adabu ya ukwe hakutakiwa kukutana uso kwa uso na mama wa bibi harusi, alifungua mwavuli haraka na kujificha nyuma yake. Kwa kuwa Phelesia naye alijua adabu, hakuwatazama wakwe kabisa. Alimwendea ng'ombe, akamshika pembe ile iliyolala, na kuzungumza naye kwa sauti ya kusikika hadi Asumbi.

"Mmetoka kwa Zablon leo? Na mvua hii yote? Tazama ulivyonenepa! Hawa wakwe wana utu jamani. Wakavuka mto, wakapita Asumbi, wakaona hawawezi kuja nyumbani kwa watu huku ng'ombe wa watu wamebaki nje. Wakanirudishia! Ero kamano, wakwe zangu, asanteni sana, Mungu awabariki!" Akampapasa Rachar shingo. "Sasa mwulize baba yako, Rachar. Wale wa mahari wako wapi?"

Benta aliacha mandazi yakaungua. Mzee Mniko alimtazama yule mama, akawatazama ng'ombe, akamtazama Nicodemus aliyekuwa ametokea nyuma ya kibanda na rangi ya majivu. Kisha akautazama mwavuli.

"Maroa," alisema polepole. "Huyu mama anasema nini?"

Mwavuli ulitikisika kidogo.

"Anasema kweli, baba mkubwa," mwavuli ulijibu. "Hawa ni wa hapa. Tuliwarudisha tu, maana tulikuwa tunakuja huku huku. Wa mahari ni wale wetu, walioko ng'ambo ya Kuja. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

Mzee Mniko alisimama na fimbo yake. Nicodemus aliona kila kitu kinaondoka: hema, harusi, uso wa Metrine. Ndevu za mzee zilianza kutikisika. Tumbo likafuata. Halafu akacheka, kicheko cha mtu mkubwa kinachoanzia magotini, mpaka akashika nguzo ya kibanda na paa likanyesha matone.

"Sikilizeni! Maisha yangu yote, popote huku nikionekana na ng'ombe, watu huniuliza nimewaiba wapi. Leo ndiyo mara ya kwanza nashukuriwa kwa kuwarudisha! Nitakwenda kusimulia Kuria nzima! Mama, ng'ombe wako wamefika salama. Wetu wako ng'ambo wananenepa, na maji yakishuka nitawaleta mwenyewe, kwa miguu yao, bila mashine."

Kigelegele cha Benta kilipasuka. Mkungu na Barafu wakakumbatiana kana kwamba binti ni wao. Nicodemus aliketi kwenye benchi, akafuta macho kwa mkono wa suti ya kaki, pasi yote ikaharibika, na hakujali.

"Basi karibuni ndani," alisema Phelesia, bado kwa Rachar. "Wali uko tayari, nyama iko tayari, soda zimewekwa kwenye maji ziwe baridi. Karibuni, kaeni chini ya hema."

Msafara ulianza kusogea, mwavuli umeelekezwa upande wa heshima. Phelesia alimfuata Rachar hatua chache. Halafu akasimama. Aliutazama mwiko. Akalitazama hema lile kubwa la bluu, kreti za soda zilizopangana na magunia ya mchele, kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akamgeukia mumewe.

"Baba Metrine," alisema kwa upole uliomtisha Nicodemus kuliko kelele yoyote. "Ng'ombe wote watatu wapo. Cherehani nayo ipo. Hivi vitu vyote ulinunua na pesa gani?"

Barafu alikumbuka kwamba ana samaki anayeoza. Mkungu akakumbuka ndizi. Benta akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea, na kwenye benchi lile refu akabaki Nicodemus peke yake, na suti yake.